Boma la vyumba viwili, milioni 14: tuezeke vyote au tumalize kimoja?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku mkoani Singida. Wananchi tulijenga boma la vyumba viwili vya madarasa kwa matofali ya kuchoma, tukamwaga renta (mkanda wa zege unaozunguka kuta), tukapandisha kozi tatu za matofali juu yake, fedha ikaisha. Limekaa hivyo misimu mitatu ya mvua. Sasa tumekusanya shilingi milioni 14, pamoja na mchango wa wenzetu walioko Dar es Salaam. Shule ina wanafunzi 620, wasichana 320. Darasa la kwanza peke yake lina watoto 118 kwenye chumba kimoja, na matundu ya vyoo ni manane. Fundi anasema fedha inatosha kuezeka vyumba vyote viwili tukitumia bati za geji 32, watoto waingie, milango na madirisha yatafuata. Mwalimu mkuu anataka tumalize chumba kimoja. Mjumbe mwingine anataka projekta. Je, geji 32 itahimili upepo wa huku? Na tuanze na lipi?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, hongereni kwanza kwa hizo milioni 14. Mwalimu mkuu yuko sahihi, ila nadhani nyote mnabishania bati wakati hatari ya jengo lenu iko kwenye zile kozi tatu juu ya renta.

Nieleze. Dhoruba ya mvua za kwanza ikija na upepo wa kilomita 100 kwa saa, na huko kwenu si ajabu, nguvu yake ni karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Upepo ukipita juu ya paa hauligandamizi tu, unalivuta kwenda juu. Paa la bati na mbao zake lina uzito wa kilo 12 hadi 15 hivi kwa mita ya mraba, basi. Kwa chumba cha kawaida cha mita 9 kwa 7, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zikipangwa kila baada ya mita 1.2, ukishatoa uzito wa paa lenyewe kila ncha ya kenchi inabaki ikivutwa juu kwa uzito unaozidi mifuko mitatu ya saruji. Sasa jiulize hiyo ncha imefungwa wapi. Kwenye maboma mengi mbao ya juu ya ukuta imefungwa kwa waya uliozungushwa kwenye kozi ya mwisho ya matofali, na matofali yenyewe yamejengewa kwa udongo. Hapo paa limefungwa kwenye kitu ambacho nacho hakijafungwa popote.

Hili nililijifunza vibaya. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipitisha paa la shule moja; nilikagua bati, nikahesabu misumari, nikaridhika. Mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi mchana, likaondoka. Nilipofika nililikuta shambani kwenye mtama, karibu zima: kenchi zimeshikana, papi (mbao zinazopigiliwa bati) ziko mahali pake, msumari haujang'oka hata mmoja, na kwenye mbao ya ukutani matofali sita bado yananing'inia kwa waya. Kila nilichokikagua kilikuwa salama. Ingekuwa Jumatatu nisingeweza kuiandika habari hii.

Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote, pandeni ngazi mkiwa na msumari wa inchi nne. Kwangueni viungo kati ya matofali ya kozi za juu. Kikitoka mchanga mkavu au udongo kwa mkono mmoja bila kutumia nguvu, kozi hizo zimeshaoshwa na mvua. Zibomoeni hadi kwenye renta mzijenge upya kwa saruji, kipimo kimoja cha saruji kwa vitano vya mchanga. Ni kazi ya siku mbili tu, msiione hasara. Halafu tazameni renta. Nyufa nyembamba kama unywele zisiwatishe. Ufa unaopitisha kucha, au nondo iliyochungulia nje na kuota kutu, hapo simameni na kumwita mhandisi wa halmashauri aje aone kwa macho yake. Hiyo ni kazi yake.

Mkiwa mnajenga upya zile kozi, hapo ndipo mnapofunga paa. Kila mahali kenchi itakapokaa, pitisheni nondo ya milimita 8 chini ya renta, itoke pande zote mbili za ukuta, ipande hadi ikunjwe juu ya mbao ya ukutani. Renta ni zege lenye nondo, inazunguka jengo zima, na kila mita yake ina uzito unaozidi kilo 100. Hiyo ndiyo nanga yenu. Kupata tundu la kupitisha nondo itabidi mtoboe kiungo cha tofali chini ya renta, fundi atanung'unika, mwacheni anung'unike. Kenchi nazo zifungwe kwenye mbao ya ukutani kwa utepe wa chuma au nondo nyembamba. Misumari miwili iliyopigwa mshazari peke yake haitoshi.

Sasa geji, yaani namba ya unene wa bati. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Bati la 32 upepo unalichana kuanzia kwenye kichwa cha msumari: msumari unabaki kwenye papi, bati linaondoka. Kwa shule mimi huandika 28. Fedha ikibana kabisa, 30 yenye papi za karibu karibu, na misumari kwenye kila mgongo wa bati pembezoni mwa paa, ambako mvuto ni mkubwa zaidi, ni afadhali. Na msiamini mhuri wa dukani peke yake. Nendeni na mtu mwenye kipimo cha unene apime bati mnaloliona. Kelele za mvua pia hupungua bati likiwa nene na papi zikikaribiana, ingawa bila dari msitegemee mwalimu asikike mvua ikikolea.

Kuhusu kuezeka vyote viwili na kuwaingiza watoto kabla ya madirisha: hapana. Chumba chenye paa lakini kilicho wazi upande mmoja kinafanya kazi kama mwavuli uliogeuziwa upepo. Upepo unaingia, unakosa pa kutokea, unasukuma paa kwa chini huku ule wa nje unalivuta kwa juu. Maboma mengi yaliyoezuliwa niliyoyakagua yalikuwa kwenye hatua hiyo hiyo ya "madirisha yatafuata". Simlaumu fundi wenu, akiezeka vyumba viwili analipwa viwili. Lakini Serikali yenyewe ilipokuwa ikipeleka fedha za kukamilisha maboma ya madarasa, kiwango kilikuwa milioni 12.5 kwa chumba kimoja, na chumba kipya kutoka msingi, kwa zile fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, kilikuwa milioni 20. Ninyi mna 14. Hiyo ni fedha ya chumba kimoja na chenji.

Malizeni kimoja: kenchi za mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, bati, lipu, jamvi la sakafu, milango, madirisha, na ubao. Ukuta wa katikati upandisheni hadi juu uwe kama ukuta wa mwisho, bati lizidi ukuta kwa shubiri moja ili maji yasiingie. Chenji inayobaki ipakeni kama kofia ya saruji juu ya kuta za chumba cha pili, isije mvua ya nne ikarudia yale yale. Fedha isimamiwe na kamati tatu zinazojulikana, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mtu mmoja asikae kwenye mbili. Fundi alipwe kwa hatua, na asilimia kumi ibaki hadi mvua moja kubwa ipite.

Nimetaja ubao, na hapa niombe uvumilivu, maana ndicho kifaa cha kufundishia ambacho mwalimu wenu atakitumia kila siku na ndicho mafundi hukifanya mwisho, jioni, kwa saruji iliyobaki. Ubao wa ukutani ukipigwa niru (saruji tupu ya kulainishia) hadi ung'ae kama kioo, watoto wa upande mmoja wa darasa wataona mwanga wa dirisha badala ya herufi. Mwambie fundi asawazishe kwa mwiko wa chuma lakini auache na mkwaruzo kidogo, usubiri wiki tatu ukauke kabisa, ndipo upakwe rangi ya ubao, mara mbili. Ukuta wenye ubao usiwe na dirisha. Kwa darasa la kwanza, kingo ya chini iwe sentimita 80 kutoka sakafuni, mtoto afike kuandika. Kabla ya kumlipa fundi, nenda saa nne asubuhi, kaa kwenye dawati la pembeni kabisa nyuma, mwombe mwalimu aandike a, o, e. Usipoweza kuzitofautisha, hajamaliza.

Chumba hicho kimoja hakitaondoa msongamano wa watoto 118, lakini ukiwagawa kwenye vyumba viwili wanakuwa 59 kila kimoja. Kiwango ni 45 kwa chumba, bado mmezidi, ila mwalimu anaweza kupita kati ya madawati. Watatu kwa dawati, ni madawati 20 kwa kila chumba.

Vyoo. Kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, mnahitaji 16 na 12. Mna manane. Hili ningeliweka mbele ya chumba cha pili bila kufikiri mara mbili, na choo cha wasichana kiwe na chumba cha kujistiri chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Uchimbaji wa mashimo ni kazi ambayo nguvu za wananchi zinaiweza bila kugusa hizi milioni 14, anzeni wakati kenchi zinasukwa.

Wekeni na mifereji kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la chumba chenu litakuwa na mita za mraba kama 85, hivyo mvua ya milimita 30, ukitoa yanayopotea, inawapa lita 2,000 hivi. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua tatu. Watoto 620 wakinawa kwa lita moja kila mmoja kwa siku, linakauka siku ya nane. Waelezeni wazazi hesabu hiyo mapema, wasije wakadhani shida ya maji imekwisha.

Projekta, hapana. Hujataja umeme, nami sijauliza, lakini hata ungekuwepo ningesema kabati la vitabu kwanza, la chuma au lililoinuliwa juu ya matofali mchwa wasilifikie. Wenzenu wa Dar es Salaam wakitaka kuchangia vitabu, wakumbusheni kwamba mtaala mpya ulianza mwaka 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Wasije wakawaletea maboksi ya vitabu vya mtaala wa zamani. Vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao yake, kwa hiyo mwalimu mwenye simu ya kawaida ya intaneti anaweza kuandaa somo wakati nakala hazijafika.

Mvua zenu huanza kati ya Novemba na Desemba. Kwangueni viungo wiki hii, na kama renta ina ufa wa kupitisha kucha, nitumie picha mkiwa mmeweka sarafu pembeni nione ukubwa wake.