Waifai ya makumbusho? Ngoja kwanza niwaambie ya babu

Wiki hii mmeuliza makumbusho yetu hapa Arusha yaweke waifai ya bure kwa wageni au hela hiyo ifanye mengine. Nimesoma nikiwa nasubiri daladala Kilombero, nikajikuta nimekasirika peke yangu, kwa hiyo mnisamehe jibu likitoka nje ya swali.

Msimamo wangu ni hapana. Mtu umelipa kiingilio halafu unainamia simu, si ungebaki kwako Sakina kwenye kochi?

Jumamosi moja mwaka juzi nilimpeleka babu yangu, mzaa mama, makumbusho ya Azimio la Arusha hapo Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Babu anakaa Usa River, mjini anakuja kwa ajili ya kliniki ya macho tu. Tulikuwa na mtoto wa dada, yuko kidato cha pili, simu haimtoki mkononi. Nikawaambia humu ndimo ilimokaa Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala enzi hizo, Januari 1967 wakapitisha Azimio la siasa ya ujamaa, Mwalimu akaja kulitangaza tarehe 5 Februari. Dogo akasema ngoja mjomba nitafute hotuba yenyewe tumsikilizishe babu. Akabonyeza, kiduara kikaanza kuzunguka, kinazunguka weee, tumesimama watu watatu mbele ya picha tunakodolea kiduara, mwisho ikaingia meseji kuwa bando limeisha. Langu lilikata tangu asubuhi na salio sifuri.

Babu akauliza, "Mnangoja nini?"

"Sauti ya Nyerere, babu."

"Aa, mimi niliisikia kwenye redio ya dukani."

Ndo akaanza. Kumbe Januari ile alikuwa anauza ndizi mbivu kwa baiskeli hapohapo Kaloleni, magari yamejaa, askari mmoja akachukua vichane viwili akamwambia nitakulipa jioni. Jioni hakumwona. Akahamia kwenye kisa cha bwana mmoja, kiongozi wa tawi la TANU, alikuwa na nyumba Ngarenaro kapangisha, na Azimio si lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha wala mishahara miwili, basi ile nyumba ikawa ya mke. Watu walipoanza kunong'ona ikawa ya shemeji. Wapangaji walewale, kodi ileile. Babu anacheka mpaka kashika ukuta. Eti na mabenki nayo yakataifishwa, "Tukaambiwa sasa ni yetu, na mimi hata akaunti sina!" Dogo simu kaiweka mfukoni mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Nikarekodi, dakika kumi na moja. Hapo ndo msimamo wangu ulipotokea, maana mle ndani kungekuwa na waifai tungesikiliza hotuba, tukapiga picha, tukaenda kula chipsi, na mambo ya shemeji nisingeyajua mpaka leo.

Ila sasa naandika hapa nakumbuka kitu ambacho sikupanga kukitaja. Ile rekodi nilitaka kumtumia mamdogo Mwanza palepale, bando hakuna, nikasema nitatuma nyumbani. Nyumbani nikasahau. Siku ya tatu simu ikachomolewa kwenye daladala ya Ngaramtoni, na sikuwa nimehifadhi popote. Mamdogo akampigia babu amsimulie tena, akajibiwa, "Nimeshasema. Muulizeni aliyerekodi." Mpaka leo kagoma.

Basi haya, wekeni. Ila iwe getini kwenye mabenchi, sio ndani mbele ya picha, na iwe na nguvu ya kutuma, maana nyingi unashusha vizuri ukitaka kupandisha video inakwama. Na isiwe kama ya ofisi moja hapa mjini, jina nalihifadhi, wamebandika karatasi "waifai bure" halafu pasiwedi anayo mtu mmoja na yuko likizo. Na msifikirie wazungu tu, wao wengi wameshajipanga, mwenye shida ni huyu wa bando la buku aliyekuja na babu yake. Nani alipie kila mwezi mimi sijui, hapo mniache.

Na kama kuna mjukuu wa askari aliyekuwa zamu Kaloleni Januari 1967 anasoma hapa, babu anasema deni la ndizi halijafa.