Sista ananiita "nesi wa simu" na sasa haongei na mimi

Shangazi habari yako. Mimi ni nesi wa miaka 29, niko wodi ya kujifungulia hapa Nairobi, jina la hospitali wacha tu. Nilisoma diploma KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, nikaajiriwa 2020 kwa zile kandarasi za UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, za miaka 3. Shida yangu ni masista, yaani manesi wakubwa wa wodi. Wananiita nesi wa simu juu dozi naangalia kwa simu, rota ikitoka naiti ni zangu na Krismasi ni yangu, nikiuliza naambiwa hata sisi tulipitia hapo. Lakini iliyoniumiza ni ya mwezi uliopita. Mama alikuwa amejifungua, ule mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu ulikuwa umepita mililita 500, sista mmoja ambaye ana karibu miaka 30 kazini akaangalia akasema hiyo ni damu ya kawaida, mbadilishe pedi. Nikasema kwa sauti, mama mwenyewe akisikia na wanafunzi wamesimama hapo, kwamba hiyo si kawaida na mambo ya kukisia damu kwa macho yaliisha. Mama tulimshughulikia, akaenda nyumbani na mtoto wake. Tangu siku hiyo sista haniongeleshi, ripoti ya asubuhi anampa mwenzangu na mimi niko hapo hapo. Niombe uhamisho ama nitafute tu Uingereza kama wenzangu?
Nesi wa Eastlands

Mwanangu, pole sana. Mimi pia nilivaa hiyo yunifomu miaka mingi kabla nianze kuandika ukurasa huu, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza damu. Ulikuwa sawa, na usikubali mtu akutoe hapo. Ikipita mililita 500 baada ya mama kuzaa kawaida, hiyo ni hatari hata kama mama anaongea na anacheka na mtoto. Kuna utafiti ulichapishwa 2023, ulifanywa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulionyesha pale manesi wanapokisia kwa macho karibu nusu ya akina mama wanaovuja damu hawagunduliwi, lakini wakitumia huo mfuko wanagunduliwa zaidi ya 90 kwa kila 100. Halafu matibabu yote yakianza kwa pamoja, kukanda tumbo, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, traneksamiki asidi ya kuzuia damu, dripu na kumkagua mama damu inatoka wapi, kuvuja kubaya kulipungua kwa asilimia 60. Hao ni akina mama wa huku kwetu, kwa hivyo kunyamaza usingenyamaza.

Lakini ile sentensi ya pili, kwamba mambo ya macho yaliisha, hiyo haikuwa ya mgonjwa, hiyo ilikuwa ya sista. Mama hakuihitaji. Ungesema tu "Sista, imepita 500, naomba mkono wako hapa kwa tumbo, mimi naleta oksitosini," angekuja mbio, na wanafunzi wangejifunza vitu viwili kwa wakati mmoja.

Na huo mkono wake, usiuchukulie poa. Mimi nikiwa mdogo kazini sista mmoja alinishika mkono akauweka chini ya kitovu cha mama aliyetoka tu kuzaa, akaniambia sikia mji wa mimba, ukiwa mgumu kama embe bichi enda ukamwandikie faili, ukiwa laini kama unga wa chapati uliozidi maji usitoke hapa hata ukiitwa na nani. Mfuko unakuonyesha damu ambayo imeshatoka, mkono unakuambia ile inakuja. Mtu wa miaka 30 wodini amegusa matumbo ambayo wewe na mimi hatuwezi kuhesabu.

Kuna kitu kingine hamjaambiwa nyinyi wa juzi. Wengi wa hao masista waliingia na cheti tu, na kuanzia 2005 ile programu ya kusomea kwa kompyuta ilipokuja wakarudi shule huku wanafanya naiti na watoto wako nyumbani. 2017 wakagoma karibu miezi 5 na wengi walikaa bila mshahara, kodi na karo zikingoja. Halafu anakuja msichana wa digrii anaingia na gredi ya juu kuliko yake. Hiyo inauma, na uchungu huo unamwagikia wewe ambaye hata pensheni kandarasi yako haikukupa. Mkorogo wa mishahara hamkuuleta nyinyi wawili, lakini ndio mnakulana.

Sasa rota. Hapo sikuambii uvumilie, "hata sisi tulipitia" si sababu ya kumpa mtu mmoja Krismasi zote. Chukua rota za miezi 3, hesabu naiti zako na za kila mtu, andika kwa karatasi moja, umpelekee inchaji, yule msimamizi wa wodi, ofisini kwake mkiwa wawili tu. Isiingie grupu ya WhatsApp ya wodi, tafadhali, huko itageuka matusi kabla ya saa sita.

Ya ripoti ni mbaya kuliko ya rota, juu mgonjwa anaweza kupotea katikati ya watu wawili wasioongea. Mtafute sista kabla zamu ianze, si mbele ya watu, mwambie "Sista, siku ile nilikuongelesha vibaya mbele ya mgonjwa, naomba unisamehe." Usiongeze lakini. Ya damu usiombe msamaha. Halafu muombe akuonyeshe vile anasikia tumbo, na wewe umuonyeshe ile mistari ya mfuko. Akikataa na ripoti aendelee kukunyima, hiyo nayo mwambie inchaji, waziwazi, kama jambo la usalama wa wagonjwa.

Uingereza ukitaka enda, lakini enda juu unataka, si juu umefukuzwa na kununiwa. Uhamisho ngoja kwanza. Ukimaliza kuhesabu hizo naiti niandikie tena, nataka kujua zilikuwa ngapi na inchaji alisema nini.