Swali la lugha: Je, Wakelti waliishi vibandani?

SWALI: Ninafundisha historia katika sekondari moja hapa Dodoma. Ninatafsiri makala kuhusu Waselti, watu wa Ulaya ya kale, na jinsi majengo yao yalivyofungamana na maisha ya jamii yao. Nimeandika: "Waselti waliishi katika vibanda vya duara ndani ya ngome za vilimani." Mwalimu mwenzangu anasema sentensi nzima ina kasoro. Ni kweli? Na kichwa kiwe "Ujenzi na Jamii" au "Usanifu Majengo na Jamii"?

JIBU: Mwalimu, sarufi yako haina tatizo. Nadhani mwenzako amenusa kitu kingine: maneno yako yanatoa hukumu juu ya watu hao ambayo makala yenyewe haikukusudia kuitoa.

Nianze na lile linaloniuma, yaani kibanda. Banda ni la kuku, la ng'ombe, la maonyesho ya Sabasaba. Ukilitia ki- ya udogo, msomaji anaona kitu hafifu, cha kukaa kwa muda. Sasa tazama nyumba yenyewe. Pale Pimperne, kusini mwa Uingereza, wanaakiolojia walifukua alama za nyumba ya duara yenye kipenyo cha karibu mita 13. Darasa lako lote lingeketi humo na nafasi ikabaki. Peter Reynolds, aliyeanzisha shamba la majaribio la Butser mwaka 1972, aliijenga upya kwa kufuata mashimo ya nguzo yaliyoachwa ardhini. Nguzo zilisimikwa kwa mzunguko, kiambaza cha fito zilizosukwa kikakandikwa udongo, makombamoyo yakapandishwa hadi kileleni, kisha paa likaezekwa.

Kusimika, kukandika, kuezeka: hakuna hata kitenzi kimoja hapo nilichohitaji kukibuni. Hata suala la moshi tunalielewa. Majaribio ya Butser yalionyesha kwamba nyumba hizo hazikuhitaji tundu la moshi juu ya paa. Tundu lingevuta hewa, cheche zingepanda, na nyasi zingeshika moto. Bila tundu, moshi ulijipenyeza taratibu katika nyasi. Bibi aliyepikia mafiga ndani ya nyumba ya nyasi hana haja ya kusimuliwa hayo.

Na jina la nyumba ya namna hiyo tunalo: msonge, kwa wingi misonge. Ni nyumba ya duara yenye paa lililochongoka. Wahaya huiita mushonge, na hakuna Mhaya atakayekubali kwamba mushonge wa babu yake ulikuwa kibanda. Kwa muda mrefu wageni waliandika kwamba mababu zetu waliishi vibandani, nasi tukalimeza neno hilo. Tusiligeuze tena kuwapiga nalo wengine.

Ila angalia mipaka. Misonge ilikuwa hasa ya Britania na Ayalandi. Wakelti wa bara, kuanzia Ufaransa hadi Ujerumani ya kusini, walijenga zaidi nyumba za pembe nne. Kama makala yako inawazungumzia wote, usiwaingize wote katika msonge.

Tuje kwenye ngome. Mswahili akisikia ngome anaiona Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593: mizinga, askari, mtawala aliyekuja kukaa juu ya watu. Je, vilima vya Wakelti vilikuwa hivyo? Maiden Castle, kilima kimoja kusini mwa Uingereza, ina matuta makubwa ya udongo na mahandaki yanayozunguka eneo la karibu hekta 19. Danebury, kilima kingine cha huko kilichochimbwa na mwanaakiolojia Barry Cunliffe kuanzia 1969 hadi 1988, kilikutwa na misonge, njia, na mashimo mengi mno ya kuhifadhia nafaka. Jumba la mfalme halikuonekana. Ndiyo maana wataalamu wanabishana hadi leo: mahali hapo palikuwa kituo cha mtemi, ghala la jamii, pa kukutania kwa ibada na mikutano, au yote kwa pamoja? Ukiandika ngome umekwisha kuamua kesi kabla ya mashahidi kusikilizwa.

Mimi ningeandika boma. Boma ni ua au ukuta unaozunguka mahali, hata ukiwa wa miiba wa kulazia mifugo. Ni makazi ya Mmasai. Ni jengo la utawala la Wajerumani pale Bagamoyo, na hadi leo wako wanaosema "naenda bomani" wakimaanisha ofisi ya serikali. Neno limetoka kwenye uzio, likafika kwenye mamlaka. Cha kupendeza ni kwamba neno la Wakelti lilisafiri njia hiyohiyo. Dún ya Kiayalandi, iliyomo pia katika Lugdunum, jina la kale la Lyon, ni mahali palipozungushiwa boma. Ndugu zake katika lugha za Kijerumani wamegawana maana: kwa Wajerumani wa leo ni uzio, kwa Waingereza ni mji.

Uhusiano huo wa uzio na mamlaka haukuishia katika maneno. Hati ya sheria za Ayalandi iitwayo Críth Gablach, ya mwanzoni mwa karne ya 8, inapanga watu kwa daraja, na kila daraja ina ukubwa wa nyumba yake uliotajwa kwa futi. Kuhusu mfalme inasema kwamba boma lake huzungukwa na tuta lililojengwa kwa kazi ya watu walio chini yake. Maana yake, aliyepita nje aliweza kusoma cheo cha mwenye nyumba kabla hajabisha hodi. Ukitafuta kiini cha makala yako, nakushauri utue hapo.

Najua utajaribiwa pia na neno kaya, kwa kuwa kaya za Wamijikenda nazo ni makazi yaliyozungushiwa kinga. Liache. Kaya hizo zina historia na utakatifu wake, na msomaji wa Kilifi atachanganyikiwa.

Kuna pia yale makazi makubwa ya bara ambayo Kaisari aliyaita oppidum alipopigana huko kuanzia mwaka 58 KK. Haya ni miji. Boma la Manching, katika Bavaria, lilikuwa na urefu wa kilomita 7 hivi na kuzingira hekta 380. Andika "mji wenye boma", inatosha.

Kuhusu jina: ni Wakelti, kwa k. Wagiriki waliandika Keltoi, na Warumi waliposoma Celtae walitamka k. Hiyo "s" nadhani umeitoa kwenye mpira, maana klabu ya Celtic ya Glasgow, alikochezea Victor Wanyama wa Kenya, hutamkwa kwa s. Iache kwa klabu. Tena, waandishi wa kale hawakuwaita watu wa Britania Wakelti. Jina hilo lilishika baada ya mtaalamu wa lugha Edward Lhuyd, mwaka 1707, kuonyesha undugu wa lugha zao na ile ya Wagalia, yaani Wakelti wa Ufaransa ya kale. Tawi jingine wasomaji wako wanalijua bila kujijua: Wagalatia walioandikiwa barua na Mtume Paulo waliishi katika nchi iliyopewa jina la Wakelti waliohamia huko karne ya 3 KK.

Kichwa kibaki "Usanifu Majengo na Jamii". Ujenzi ni kazi ya mikono. Usanifu ni kupanga kwa kukusudia. Misonge mingi ya Britania ilielekeza mlango mashariki au kusini-mashariki, upande wa mawio. Aliyefanya hivyo alikuwa amesanifu, hata kama hakuchora ramani.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Wakelti wa Britania waliishi katika misonge, mingine ikiwa ndani ya maboma yaliyojengwa juu ya vilima." Neno "mingine" usiliondoe, kwa sababu familia nyingi ziliishi mashambani, nje kabisa ya maboma hayo.