Risasi ya bastola kwa mnyama mkubwa: majibu kwa wasomaji

Risasi yenye tundu kwenye ncha inasifiwa sana. Je, inafaa kuwindia nyati au pofu?

Haifai. Risasi hiyo imeundwa ipanuke mara inapoingia mwilini, na kadiri inavyopanuka ndivyo inavyopoteza mwendo, hata ikaishia kwenye misuli ya bega kabla ya kufika moyoni au mapafuni. Bunduki nyingi za kuwindia hurusha risasi kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde au zaidi, ilhali revolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya saizi yenye nguvu ya .44 Magnum hurusha risasi ya gramu 15.5 kwa mita 430 hivi. Kwa hiyo mwenye bastola hutegemea kina cha jeraha, wala hana cha kufidia kina hicho kikikosekana. Achague risasi ngumu, ya madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, yenye ncha bapa na pana. Ncha ya mviringo husukuma nyama kando na kuacha tundu jembamba. Ncha bapa hukata njia pana zaidi, tena haipindi upesi ikigusa mfupa. Kwa swala wa mwili mwepesi, risasi inayopanuka kwa kiasi inatosha.

Nichukue nzito au nyepesi yenye kasi?

Nzito, kwa maana katika kipenyo kilekile huzama zaidi. Hata hivyo, ijaribu kwanza uwanjani, kwa sababu mtikiso wa revolva yenye nguvu unaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizosalia kutoka kwenye maganda yake, vikatokeza mbele na kuzuia silinda isizunguke. Jambo hilo likitokea mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ni hatari kubwa kwa mwindaji.

Risasi za shaba tupu je?

Ni nzuri, nami ningependa zitumike zaidi, kwa kuwa haziachi vipande vya madini ya risasi ndani ya matumbo yanayobaki porini, ambavyo huwadhuru tai wanaoyala. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, risasi yake ya uzito uleule huwa ndefu zaidi na hupunguza nafasi ya baruti kwenye ganda.

Nipige kutoka umbali gani?

Umbali ambao risasi zako zote, ukiwa umesimama kama utakavyosimama porini, zinaingia ndani ya duara la sentimita 15. Kwa wengi hauzidi mita 50.