Saa mbili ya nani? Kwa wewe unayeanza kuwaandikia mawakala maelezo ya zana

Mhariri wa blogu moja ya kilimo tunayoihudumia hapa Nairobi alimwandikia wakala wetu wa akili unde, yaani programu inayotenda kazi kwa kuagizwa kwa maneno: "Makala ya mahindi itoke kesho saa mbili asubuhi." Ikatoka saa nane usiku. Kulipokucha simu yangu ikalia kabla sijashuka matatu: "Kaka, nani amewaambia watu wasome habari za mbolea usiku wa manane?"

Nilifungua maelezo ya zana, yaani maneno yanayomwambia wakala kitendo fulani cha programu kinafanya nini na kinaitwaje kazini. Yalikuwa sentensi moja, "Hupanga muda wa kuchapisha makala," na parameta moja, yaani nafasi ya kujazwa, iliyoitwa muda. Wakala aliona mbili, akajaza 02:00, zana ikapokea. Sikuweza kumlaumu. Modeli, yaani akili unde iliyo ndani ya wakala, haioni msimbo ulioandika wala haijui mlivyokubaliana kwenye mkutano wa Jumatatu. Kuhusu zana yako inajua jina lake, maelezo yake na parameta zake, basi. Ndivyo ilivyo hata ukipitia MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024.

Maelezo mapya niliyaandika hivi: "Hupanga makala iliyokwisha kuhaririwa itoke wakati ujao. Haichapishi papo hapo. Kwa hilo tumia chapisha_sasa. Muda uwe wa saa 24 pamoja na tofauti ya saa za Nairobi na UTC, mfano 2025-03-14T08:00:00+03:00. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kwanza." Zana nayo ikaanza kurudisha siku na saa iliyopangwa, ili wakala amsomee mhariri naye athibitishe.

Tazama sentensi ya pili. Wanaoanza wengi huandika zana inafanya nini, wakasahau kuandika haifanyi nini. Zana mbili zinazokaribiana, kama sasisha_makala na hifadhi_rasimu, zitamchanganya wakala hadi umwonyeshe mpaka kati yake. Lakini usigeuze maelezo kuwa risala. Kwa kawaida husafiri pamoja na kila ombi, yanakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma), na zana zikiwa arobaini wakala huanza kuchagua vibaya.

Ukitumia WordPress, programu ya kuendesha blogu, kuna jambo ambalo lazima ulitaje. Ukisasisha makala na kutuma orodha ya tagi, orodha hiyo hukaa mahali pa ile ya zamani yote. Haiongezwi juu yake. Tena tagi hutumwa kwa nambari, si kwa majina. Mhariri akisema "ongeza tagi ya Kericho", wakala asiyeambiwa hili atatuma nambari moja na kufuta nyingine tano bila kujua. Andika wazi: "Orodha hii inafuta ya zamani. Soma makala kwanza, uchukue tagi zilizopo, ndipo uongeze." Au, na mimi napendelea hii, tengeneza zana ndogo ya ongeza_tagi inayofanya kazi hiyo yote ndani yake.

Kufuta ni habari nyingine. Makala ikifutwa kwa njia ya kawaida huenda kwenye takataka, na WordPress isipobadilishwa mipangilio huisafisha takataka hiyo baada ya siku 30. Ipo pia parameta ya kufuta moja kwa moja. Usiiweke kabisa kwenye zana ya wakala. Maelezo ni maelekezo, si kufuli. Nimeona watu wakiandika "USIFUTE KAMWE" kwa herufi kubwa huku akaunti ya wakala ina mamlaka yote ya msimamizi. Mpe akaunti ya ngazi ya mchangiaji, ambayo haiwezi kuchapisha, kama kazi yake ni kuandaa rasimu tu.

Ujumbe wa kosa nao uwe na msaada. "Kosa 400" halimwambii kitu. "Tarehe hii imeshapita, muulize mhariri tarehe mpya" linamwonyesha pa kuelekea.

Kabla ya kukabidhi kazi, kusanya maneno ya wahariri wenyewe kutoka WhatsApp, kama yalivyo, pamoja na Sheng na makosa ya tahajia. Usiyasafishe. Mimi nilikuwa najaribu kwa sentensi nilizojitungia, na zote zilipita. Siku nilipochukua za kweli, ya tatu ilisema: "Hiyo ya chai itoe leo." Itoe kwa wasomaji, au itoe kwenye blogu? Mhariri alitaka iondolewe, kwa sababu bei zilikuwa zimepitwa. Wakala aliipeleka kwa wasomaji. Sasa maelezo ya chapisha_sasa na ya ondoa_makala yote mawili yana mstari huu: "Neno 'toa' au 'itoe' peke yake halitoshi kutumia zana hii. Uliza: kuchapisha au kuondoa?"