Mkalishe Mmoja Kwanza: Kufundisha Mipangilio ya Duara Kidato cha Tano na cha Sita

Ukitaka kujua kama darasa limeelewa mipangilio ya duara, yaani kuhesabu njia za kupanga watu au vitu kwa mviringo, usiwape swali la watu wanane kuizunguka meza. Hilo watalipata wote. Wataandika (8 − 1)!, yaani 7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1, watabonyeza kikokotoo, watakuletea 5,040, na hutajua nani ameelewa na nani amekariri. Wape hili: ukumbini kuna meza kuu, wamekaa bibi na bwana harusi na wapambe wao wawili, wote kwa mstari wakitazama wageni. Chini kuna meza ya duara yenye wageni wanne. Kila meza inaweza kupangwa kwa njia ngapi? Wakikujibu 24 na 6, uliza kwa nini zitofautiane na hali watu ni wanne kote kuwili. Hapo ndipo utaona nani anaangalia dari.

Nafundisha Hisabati kwa wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) hapa Arusha, na likizo zikifika nafundisha tuisheni. Mada hii naipenda kwa sababu haina ugumu wa kuhesabu hata kidogo, ugumu wake wote uko kwenye kuamua unahesabu nini. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu mwenzangu ni kuificha fomula ya (n − 1)!, ambapo n ni idadi ya watu, kwa kipindi kizima cha kwanza, na badala yake kulifanyia kazi swali moja: mipangilio ipi tunaihesabu kuwa ni mmoja?

Toa viti vinne vya plastiki nje, viweke duara, waite wanafunzi wanne. Tuwaite Asha, Baraka, Chiku na Daudi, maana herufi zao zinafuatana na zitakusaidia ubaoni. Muulize kila mmoja: nani yuko kulia kwako? Andika majibu. Sasa waambie wote wasogee kiti kimoja upande wa kulia, kisha uliza tena. Majibu ni yaleyale. Wasogeze tena, na tena, mpaka kila mtu arudi alikoanzia. Mara zote nne hakuna aliyebadilisha jirani. Kwenye mstari, ABCD, BCDA, CDAB na DABC ni mipangilio minne tofauti. Kwenye duara ni mmoja.

Hicho kipimo cha "nani yuko kulia kwako" kishikilie, kina thamani kuliko fomula. Mwanafunzi aliyekosa mahali pa kuanzia anaweza kurudi hapo akajiuliza mwenyewe bila kukuita.

Baada ya hapo kuna njia mbili za kufika kwenye hesabu. Ya kwanza ni kuchukua 24 za mstari na kugawa kwa 4. Ya pili ni kumkalisha Asha kwanza, mahali popote, kisha kuwapanga waliobaki watatu: 3! = 6. Vitabu vingi huonyesha zote mbili kana kwamba ni sawa tu. Mimi nasisitiza ya pili, na nikiwa na muda mfupi naiacha kabisa ile ya kugawa. Sababu yake ni hii: kabla Asha hajakaa, viti vyote ni sawa, hakuna cha kwanza wala cha mwisho. Akishakaa, kila kiti kimepata jina lake. Kuna cha kulia kwake, cha kushoto kwake, na kinachomkabili. Duara limeshakwisha, kazi iliyobaki ni mpangilio wa kawaida ambao wanaujua.

Ukiwa na wazo hilo, maswali ya masharti yanalainika. Chukua watu sita. Asha amekaa. Baraka ana viti vitano vya kuchagua, na waliobaki wanne wanajipanga kwa 4! = 24. Viti viwili kati ya vile vitano viko ubavuni mwa Asha, kimoja kinamkabili, viwili haviko ubavuni wala havimkabili. Basi:

Wakae pamoja: 2 × 24 = 48.
Wakabiliane: 1 × 24 = 24.
Wasikae pamoja: 3 × 24 = 72.

Na 48 ukijumlisha na 72 unapata 120, yaani 5!, kwa hiyo hesabu imejikagua yenyewe. Kuna njia ya kuwafunga Asha na Baraka wakawa kama mtu mmoja, ukapata 4! × 2 = 48, halafu ukatoa kwenye 120. Ni njia halali, na kwa swali la jozi tano za wanandoa ambapo kila mtu akae na mwenziwe ndiyo ninayoitumia: vifungu vitano kuzunguka meza ni 4! = 24, na kila kifungu kinaweza kugeuka, kwa hiyo unazidisha kwa 2 mara tano, 24 × 32 = 768. Lakini kwa watu wawili tu, kumkalisha mmoja na kuhesabu viti ni wepesi zaidi, na mwanafunzi anaona kwa macho anachofanya. Wengi wanaofunga kifungu husahau kukigeuza. Anayehesabu viti hana cha kusahau.

Sehemu ninayokaa nayo muda mrefu ni ile ya wavulana na wasichana wanaopishana. Wavulana wanne, wasichana wanne, meza ya duara. Kila mwaka kuna kundi litakalokuletea 3! × 3! = 36, na mantiki yao inaeleweka: duara tunapunguza moja, kuna makundi mawili, basi tupunguze kila moja. Usiwakatishe tamaa kwa kuwaambia tu kwamba jibu ni 144. Waweke wavulana kwenye viti, msichana wa kwanza asimame, umuulize: nafasi zilizo wazi unaziona ni sawa? Atakwambia hapana, hii ni kati ya fulani na fulani, ile ni kati ya wengine. Basi nafasi zina majina tayari. Duara linapoteza mzunguko wake mara moja tu, alipokaa mvulana wa kwanza. Wavulana watatu waliobaki ni 3! = 6, wasichana wote wanne ni 4! = 24, jumla 144. Mwanafunzi mmoja wa EGM aliwahi kuniambia, "Kwa hiyo madam, punguzo ni la mteja wa kwanza tu." Nimeiba maneno hayo na nayatumia hadi leo.

Kisha vuruga kidogo, maana wakishazoea wataanza kupunguza moja kila waonapo kitu cha mviringo. Swali langu la mtego ni la kipilefti cha Mnara wa Saa. Daladala tano zimesimama kukizunguka, kila moja kwenye mdomo wa barabara yake. Tuchukulie midomo ni mitano. Njia ngapi? Watakimbilia 24. Lakini barabara hazihami, na kila dereva anajua yuko mdomo wa barabara ipi. Zikisogea zote hatua moja, hali imebadilika. Jibu ni 5! = 120. Vivyo hivyo meza ya kikao ambayo kiti kimoja ni cha mwenyekiti, au viti vimeandikwa namba. Umbo la duara halitoshi. Kinachotakiwa ni kwamba kuzungusha kusibadilishe kitu.

Meza ya mraba nayo iwemo. Watu wanane, wawili kila upande. Ukiizungusha meza hiyo kwa nafasi moja, aliyekuwa upande wa kushoto wa ubavu wa meza anahamia kulia, na aliyekuwa kulia anakata kona. Sura imebadilika. Inarudi ilivyokuwa tu ukizungusha robo, na robo ziko nne, kwa hiyo ni 8! ÷ 4 = 10,080. Ukipenda kumkalisha mmoja, Asha ana viti vya aina mbili, cha kulia au cha kushoto cha ubavu, halafu 7! kwa waliobaki: 2 × 5,040, jibu lilelile. Aliyekariri (n − 1)! hapa hana pa kushika.

Swali fupi la kuongezea: meza ya duara ina viti sita, watu ni watano. Mkalishe nani kwanza? Ukikikalisha kiti kitupu, watano wanajipanga kwa 5! = 120, na swali limekwisha.

Shanga nazifundisha mwisho, na hapa Arusha hatuna kisingizio cha kukosa kifaa. Nunua bangili ya shanga za Kimasai, au tunga mwenyewe shanga nne za rangi nne kwenye waya uliofungwa mviringo. Ishike darasa waione, kisha igeuze. Shanga iliyokuwa kulia sasa iko kushoto, lakini ni bangili ileile. Watu mezani huwezi kuwageuza chini juu, shanga unaweza. Kwa hiyo zile njia 6 za duara la wanne zinapangana mbilimbili na kubaki 3, ndiyo (n − 1)! ÷ 2. Waache wajaribu fomula hiyo kwa shanga mbili, watapata nusu, na nusu ya mpangilio haipo. Inaanzia shanga tatu. Na kama bangili ina kishikizo, mwanafunzi makini atakuuliza kishikizo kinafanya nini. Mpongeze. Kishikizo kinakipa kila kipande cha waya mahali pake, mzunguko haupo tena, umebaki kugeuza tu: 4! ÷ 2 = 12.

Jambo la lugha: mtihani unakuja kwa Kiingereza, na lazima wayazoee maneno yake. Ila mabishano ya kipindi cha kwanza yafanyike kwa Kiswahili. Mtu anayetafuta maneno hawezi wakati huohuo kutafuta kosa kwenye hoja yake. Kazi ya nyumbani ndiyo waiandike kwa Kiingereza, na juu ya kila jibu naagiza sentensi moja inayosema ni mipangilio ipi imehesabiwa kuwa mmoja. Sentensi hiyo ina alama. Bila alama hawaiandiki.

Kwa wale wanaomaliza mapema, shanga mbili nyekundu na mbili nyeupe, duara, bila kugeuza. Kwa mstari kuna 4! ÷ (2! × 2!) = 6. Watagawa kwa 4 na kupata 1.5. Usiwasaidie haraka. Wakichora watagundua kuna mipangilio miwili tu: nyekundu zikikaa pamoja, au zikipishana na nyeupe. Ule wa kwanza unatokea kwenye mstari mara nne, ule wa pili mara mbili, kwa sababu ukizungushwa nusu duara unajirudia mapema. Kugawa kwa 4 kulidhani kila mpangilio umehesabiwa mara nne. Hapo hata kumkalisha mmoja hakusaidii, maana nyekundu mbili hazitofautiani. Anayetaka kuendelea mwonyeshe: kutozungusha kunaacha mipangilio yote 6 ya mstari kama ilivyo, robo haiachi hata mmoja, nusu inaacha 2, robo tatu haiachi hata mmoja. Jumla 8, gawa kwa mizunguko 4, unapata 2. Chuo kikuu atakutana na njia hiyo kwa jina la Burnside. Kwenye mtihani wa kidato cha sita haimhusu, kwa hiyo asiitafutie muda wa marudio.