Nilivyomtia Ukungu Mume wa Watu

Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa nzuri. Jua linazama nyuma yao, nywele za mke zinang'aa pembeni, mume amemwinamia. Nilipoifungua kwenye kompyuta na kuikuza, kope za mke ungeweza kuzihesabu, lakini mume alikuwa kama mtu anayeonekana kupitia dirisha lenye mvuke. Nikafungua inayofuata: vilevile. Karibu kazi nzima ya jioni ile, yule bwana ni ukungu. Walipoletewa picha, mke alizisifu. Mume aliuliza kwa upole tu, "Sasa mimi niko wapi hapa?"

Mpaka siku hiyo nilijiona fundi. Nilikuwa nimezoea kupiga mtu mmoja mmoja kwa lenzi ya 85mm, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nyuma kote kumeyeyuka. Kwa mtu mmoja ni raha tupu. Wakiwa wawili, hesabu inakataa. Ukitumia lenzi hiyo kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ndiyo sehemu inayonasa picha), ukasimama mita 2 kutoka kwao kwa f/1.8, sehemu inayotoka safi ni kama sentimita 6, mbele hadi nyuma. Aliyerudi nyuma nusu hatua umeshampoteza. Siku hizi nafunga tundu hadi f/4 na kurudi nyuma hadi mita 3. Hapo napata kama sentimita 30, na nyuma bado kunalainika, mradi nisiwasimamishe wamegusa ukuta au kichaka. Halafu, badala ya kuwapanga upya kila dakika, nasogea mimi kushoto au kulia mpaka macho yao yote yawe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi.

Mwanga nao una ugomvi wake. Saa nzima ya mwisho kabla ya jua kuzama ndiyo ninayoipenda, hilo kila mtu atakuambia. Wasichokuambia ni kwamba jua hilo la chini likitokea ubavuni, mtu mmoja anamwekea mwenzake kivuli usoni. Wape jua mgongo wote wawili, kisha pima mwanga wa nyuso zao, si wa anga. Kamera ukiiachia iamue yenyewe itakupa vivuli viwili vyeusi. Mimi huanza kwa kuongeza hatua moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili, naangalia, ndipo narekebisha. Kama mmoja ni mweusi zaidi ya mwenzake, msimamishe yeye upande unaotoka mwanga, na upime kwa namna ambayo ngozi nyeupe zaidi haiungui, yaani haigeuki nyeupe tupu. Uso uliozama kidogo utauinua baadaye kwenye faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata. Ulioungua ndiyo basi tena. Mchana wa jua kali tafuta kivuli kipana, ila majani mabichi chini yao hurusha ukijani kwenye kidevu, na kitambaa cheupe kilichotandazwa miguuni, nje ya fremu, huuondoa.

Hayo ya kamera unajifunza wiki moja. Kilichonichukua muda ni pengo.

Waambie watu wawili wasimame pamoja, wataegemeza mabega na kuacha uwazi kuanzia kiunoni hadi miguuni, kama wamepigiwa mstari katikati. Ukiwaambia "sogeleaneni", wanasogeza vichwa tu. Nimegundua dawa ni miguu: mwambie mmoja aingize mguu wake kati ya miguu ya mwenzake, na pengo linajifunga lenyewe. Aliye mrefu sana atanue miguu kidogo, hakuna atakayejua.

Na mikono! Kila wanandoa wana mmoja anayeuliza, "Mikono niiweke wapi?" Nilikuwa namjibu, na kosa lilikuwa hapo. Mkono uliopangwa na mpiga picha huonekana umepangwa na mpiga picha. Sasa nampa kazi. Mtoe nywele usoni. Mrekebishe kola. Mnong'oneze ulichokula jana, kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Mzaha wenyewe ni wa kitoto, lakini mzaha wenyewe siupigi picha. Napiga ile sekunde mbili baada yake, wakati anayenong'onezwa amefumba macho kwa kicheko na mkono wa mwenzake umeshajitafutia pa kukaa. Ndiyo maana sishushi kamera nikisema "tayari, asanteni". Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, naiweka angalau 1/500 ya sekunde, maana watu wanaocheka hawatulii.

Naanza vilevile kwa kuwatembeza wakinipa mgongo. Wasipoiona lenzi, mabega hushuka. Dakika tano za mwanzo nyingi ni za kutupa, nami nishakubali hilo.

Mambo madogo ambayo hunikera bado: upeo wa macho unaopita shingoni kana kwamba umewakata, na busu lililokandamizwa mpaka pua zimebonyea. Waambie wasimame kidole kimoja kabla ya midomo kugusana. Inapendeza kuliko busu lenyewe.

Wale wanandoa walikubali nirudie bila malipo, na niliwastahi sana kwa hilo. Nilikagua jicho la mume kila baada ya picha chache, hadi akaanza kunicheka. Walichochagua kuning'iniza ukutani ni picha niliyoipiga tukiwa tunaondoka: mke ameinama anafunga kamba ya kiatu, mume amemshikia mkoba, anamtazama kwa tabasamu la pembeni. Mume yuko safi hadi kope. Uso wa mke hauonekani kabisa.